Fremu ya Rivendell: jina la nani, mikono ya nani?

Haya wadau, karibuni. Leo mezani nina fremu ya baiskeli ya kampuni ya Rivendell, modeli ya Sam Hillborne, nimeinunua mtumba, na najua komenti ya kwanza itauliza kama imetengenezwa Marekani. Imetengenezwa Taiwan. Usifunge video kwanza.

Rivendell wenyewe wako Walnut Creek, California. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Grant Petersen, ambaye kabla ya hapo alikuwa akibuni baiskeli za Bridgestone tawi la Marekani, tawi ambalo lilifungwa mwaka huohuo. Kazi yao pale ni kuchora: urefu wa kila paipu, mlalo wa usukani, nafasi ya tairi nene na madigadi, mpaka umbo la lagi. Lagi ndiyo hii hapa, soketi ya chuma inayovaa ncha za paipu pale zinapokutana. Kuziunga kwa moto wanafanya wengine.

Na hao wengine wamebadilika. Kwa miaka mingi fremu nyingi za Rivendell zilitoka Waterford, kule Wisconsin, karakana ya Richard Schwinn, wa ukoo uleule wa baiskeli za Schwinn. Waterford hao hao walikuwa wakiuza fremu za jina lao, na wakaitengenezea kampuni ya Shinola ya Detroit pia. Wamefunga 2023. Atlantis, modeli nyingine ya Rivendell, za mwanzo zilitengenezwa na kiwanda cha Toyo cha Japani, na mpaka leo kuna watu wanazitafuta kwa tochi. Siku hizi kazi iko Taiwan.

Sasa naleta kamera karibu. Angalia ukingo wa lagi hapa chini ya usukani, unavyopungua unene kuelekea kwenye ncha. Pitisha ukucha: haukwami popote. Paipu haikuyeyushwa hapa. Fundi amepasha moto mpaka madini ya kuungia yakayeyuka, yakanyonywa yenyewe ndani ya upenyo mwembamba kati ya paipu na lagi. Akitumia madini ya fedha, yanayeyuka chini ya nyuzi 700; akitumia brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, ni karibu 900. Chuma chenyewe kinahitaji karibu 1,500. Ndiyo maana paipu nyembamba kama hizi hazipotezi nguvu sana kwenye maungio, mradi fundi hajazidisha moto.

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, basi lagi umeshaziona, hata kama hukuwahi kuzitazama. Tofauti ni kwamba za baiskeli za bei rahisi mara nyingi zinakunjwa kutoka kwenye bati la chuma. Hizi zimemiminwa. Umbo linatengenezwa kwa nta, linafunikwa kwa udongo usioungua, nta inayeyushwa itoke, halafu chuma kinaingia palepale ilipokuwa nta. Ghali ni kalibu, ile chombo cha kuipa nta umbo lake. Ukishailipia, unatoa lagi mamia kwa mamia zinazofanana, na hapo ndipo kampuni ya watu wachache inapoweza kuwa na lagi zenye mchoro wake yenyewe. Ila lazima iagize fungu zima la fremu kiwandani, na wewe mnunuzi unasubiri meli.

Kwa hiyo nani kaitengeneza? Mimi nasema wote wawili, na wala siwapi California sifa zaidi. Mchoro mzuri ukiungwa ovyo ni chuma chakavu. Kinachonikera ni muuzaji wa mtumba anayekwepa kutaja kiwanda, kana kwamba Taiwan ni aibu. Wale jamaa wameunga fremu nyingi kuliko karakana yoyote ya watu watatu Ulaya.

Kasoro zipo. Ni nzito ukilinganisha na alumini. Rangi inachubuka upesi kwenye ncha za lagi, na hapo kutu ndipo inapoanzia, hasa ukikaa pwani. Na bei! Fremu mpya, tupu, bila magurudumu wala mnyororo, inazidi bodaboda mpya.

Kama unapanda kwa mbio, achana nayo. Kama unataka ya kubeba mizigo na kukaa wima siku nzima, tafuta mtumba, lakini kabla ya kutuma hela mwambie muuzaji apige picha tatu: namba iliyo chini pale pedeli zinapoungana, lagi za usukani kwa karibu, na ndani ya paipu ya siti akiwa ametoa nguzo yake. Akileta visingizio kwenye hiyo ya tatu, huenda anaficha kutu ya ndani; endelea kutafuta.