Giaboksi ya 200-4R kwenye Chevelle ya 1970: tathmini ya mtumiaji

Mwenye Chevrolet, Pontiac, Buick au Oldsmobile ya miaka ya 1960 au ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, akitaka kuliendesha gari lake kwenye barabara kuu bila kuichosha injini, giaboksi ninayomshauri aitafute kwanza ni 200-4R, otomatiki ya gia nne ya General Motors, hata kama wengi watamwambia achukue 700R4 ya kampuni hiyohiyo kwa kuwa inapatikana kwa urahisi zaidi. Gari ninaloliandikia tathmini hii ni Chevelle ya mwaka 1970 yenye injini ya V8. Lilitoka kiwandani na giaboksi otomatiki ya gia tatu, TH350, na sasa linatumia 200-4R iliyofumuliwa na kujengwa upya kabla ya kufungwa.

Giaboksi za zamani hazikuwa mbovu. Powerglide ya gia mbili ilidumu kwenye magari ya Chevrolet kuanzia 1950 hadi 1973, na TH350, iliyoanza kutumika 1969, mpaka leo ni miongoni mwa giaboksi imara na rahisi kutengeneza. Upungufu wake ni mmoja tu, na ni wa kimaumbile: gia yake ya juu kabisa ni ya moja kwa moja, kwa hiyo kila mzunguko wa injini ni mzunguko mmoja wa propela shafti. Kwa difu ya 3.73, yaani propela shafti huzunguka mara 3.73 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na tairi lenye kipenyo cha sentimita 66, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huilazimisha injini izunguke takriban mara 3,000 kwa dakika, saa baada ya saa, na kelele yake humfanya dereva atamani kupunguza mwendo hata pale barabara inapokuwa nyeupe. Gia ya nne ya 200-4R ina uwiano wa 0.67, na kwa mwendo uleule injini hushuka hadi mizunguko 2,000 hivi. Tofauti hiyo unaisikia kwanza masikioni, kisha kwenye geji ya joto, na mwishowe kwenye tangi la mafuta.

700R4, iliyoingia sokoni kwa magari ya mwaka 1982, nayo ina gia nne, na uwiano wa gia yake ya juu, 0.70, unakaribiana sana na huo. Kinachonifanya nisiipe nafasi ya kwanza ni namna gia zake za chini zilivyopangwa. Gia ya kwanza ni 3.06 na ya pili ni 1.63, kwa hiyo injini inapobadilisha gia hupoteza karibu nusu ya mizunguko yake kwa mkupuo mmoja, na gari huonekana kama limekata tamaa kabla ya kuanza kuvuta tena. Kwenye 200-4R uwiano huo ni 2.74 na 1.57, hatua fupi kidogo na ya kupendeza zaidi kwa injini ya zamani yenye kabureta. Ni kweli kwamba gari zito lenye difu ndefu, yaani yenye namba ndogo, litaondoka kwa wepesi zaidi likiwa na 700R4, na kwa gari la namna hiyo sina ubishi.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kuichagua 200-4R ni jinsi inavyoliheshimu gari. Urefu wake ni takriban sentimita 70, sawa na Powerglide na sawa na TH350 yenye mkia mfupi, na meno ya shafti yake ya kutokea yanaikubali nira ileile ya propela shafti. Maana yake ni kwamba propela shafti ya asili hurudi mahali pake bila kukatwa, ilhali 700R4, yenye urefu wa karibu sentimita 78, hudai shafti ifupishwe na kusawazishwa upya. Sehemu inayohama ni mhimili wa chini unaoibeba giaboksi, kwa sababu mauntingi ya 200-4R iko nyuma zaidi, karibu kabisa na ilipokuwa ile ya TH400, giaboksi kubwa ya gia tatu ya General Motors. Na kwa kuwa chasi nyingi za General Motors za enzi hizo zilitobolewa kwa ajili ya TH350 na TH400 zote mbili, mara nyingi mhimili husogezwa tu hadi kwenye matundu ya nyuma na kufungwa. Nyingi za 200-4R pia zina matundu ya mbele yanayokubali injini za Chevrolet na vilevile za Buick, Oldsmobile na Pontiac. Siku mwenye gari akitaka kurudisha giaboksi ya asili, hatakuta jeraha lolote kwenye chasi, na kwa mtu anayelitunza gari la zaidi ya nusu karne jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko nguvu za farasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnunuzi lazima alijue kabla ya kutoa fedha, kwa maana hapo ndipo giaboksi hii ama hudumu miaka mingi ama huungua kabla haijazoeleka. TH350 hupima mzigo wa injini kwa kutumia vakyumu, na kebo yake ya kabureta ina kazi moja tu ya kuishusha gia pale dereva anapokanyaga hadi chini. Kwenye 200-4R, kama ilivyo kwenye 700R4, kebo inayotoka kwenye kabureta, ambayo mafundi huiita kebo ya TV (kifupi cha throttle valve), ndiyo inayoamua presha ya mafuta ndani ya giaboksi kwa kila kiwango cha kukanyaga. Ikilegea, gia zitaendelea kubadilika na gari litakwenda, lakini klachi za ndani zitabanwa kwa presha isiyotosha, zitateleza, na zitakwisha ndani ya safari fupi. Fundi aliyezoea giaboksi za gia tatu huiona kama ile kebo ya zamani na kuirekebisha kwa kubahatisha mpaka gia zibadilike anavyotaka. Hilo ni kosa, kwa sababu wakati wa kubadilika kwa gia ni matokeo tu. Kinachotafutwa ni presha.

Kanuni yenyewe haina ugumu. Kanyagio likiwa limefika sakafuni, na kabureta ikiwa wazi kabisa, kebo iwe imevutwa hadi mwisho wake barabara, si kabla na si baada. Na injini ikiwa inazunguka bila kanyagio kukanyagwa, kebo iwe na mvuto mdogo bila kulegea. Tatizo ni kwamba mkono wa kabureta nyingi zinazofungwa baadaye, zikiwemo za Holley, hauna umbali sahihi kati ya tundu la kebo na ekseli yake, kwa hiyo unaweza kuipata ncha moja ya kanuni na kuikosa ya pili. Kipande cha kurekebisha mkono huo, pamoja na kishikio chake, kinauzwa peke yake, na mtu asikubali gari liondoke gereji bila hicho. Nasisitiza pia kwamba geji ya presha iunganishwe kwenye tundu la kupimia lililo kwenye giaboksi, na vipimo vichukuliwe kabla ya safari ya kwanza.

Toki konveta yake, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini hadi kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta, ina klachi ya kujifunga kwenye mwendo wa safari, ambayo huzuia utelezi na kupunguza joto la mafuta. Kwenye gari la zamani lisilo na kompyuta, klachi hiyo hupewa umeme kupitia swichi ya presha ya gia ya nne na swichi ya breki, ili ijiachie dereva anapokanyaga breki. Waya ni chache na kazi si ya kutisha. La kuangaliwa kwa makini ni ufungaji wa konveta yenyewe: iingie kwenye pampu hadi mwisho, na kabla ya bolti kukazwa ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na flaiwili. Nafasi hiyo isipokuwepo, usiivute giaboksi kwa bolti. Ishushe uanze upya, la sivyo pampu itavunjika injini inapowashwa.

Sifa mbaya ya udhaifu iliyoiandama 200-4R kwa sehemu kubwa ilirithiwa kutoka kwa TH200 ya gia tatu, iliyotangulia 1976 na kwa kweli haikuwa imara. 200-4R iliundwa kati ya 1981 na 1990, na ndiyo iliyobeba injini ya turbo ya Buick Grand National, kazi isiyopewa giaboksi dhaifu. Udhaifu wake halisi uko kwenye pampu, ambayo pete zake za asili hupasuka injini inapozungushwa kwa kasi kubwa. Mtu anayeijenga upya aweke pete za chuma kilichokomazwa, na muuzaji asiyeweza kueleza ni pete zipi ameweka sioni sababu ya kununua kwake.

Simshauri kuinunua mwenye difu ya 2.73 au iliyo karibu na hapo, kwa sababu gia ya nne itaishusha injini chini ya uwezo wake na dereva atajikuta anarudi gia ya tatu kila penye mlima. Huyo abadilishe difu kwanza. Mwenye difu ya 3.42 kwenda juu aendelee, aongeze kipoza mafuta mbele ya rejeta, na baada ya safari chache za mwanzo afungue sufuria ya mafuta iliyo chini ya giaboksi aangalie sumaku iliyomo: unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa klachi mpya, lakini akikuta vipande vinavyong'aa asiliwashe tena gari kabla giaboksi haijateremshwa.