TAHADHARI wana Dodoma: kamera ya "mita 40 bila kava" imenila laki sita na nusu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira bado, mtanisamehe. Najua wapo watakaocheka: mtu wa Ipagala na kamera ya kuzamia wapi na wapi, unazamia bwawa la Hombolo? Mimi kila mwaka likizo naenda Zanzibar kupiga mbizi. Nasema kuzamia baharini, si kuzamia meli.

Jamaa anauza vifaa vya picha kupitia status na makundi ya WhatsApp hapa mjini, duka hana, mnakutana maeneo ya Nyerere Square. Tangazo lake lilisema GoPro HERO11, "used kidogo", 650,000. Nikatuma laki mbili ya kumshikisha, jioni nikaenda na iliyobaki.

Alikuja na ndoo. Ndiyo, ndoo ya bluu ya lita 20, ina maji. Akawasha kamera, akaitumbukiza, akaiacha dakika kama tano huku tunapiga stori, akaitoa inarekodi vilevile. "Unaona bosi wangu? Hiki chombo mita 40 kinapiga bila kava." Kamera ilikuwa imevalishwa silikoni nyeusi, nikaona jamaa anatunza vitu vyake. Nikamalizia hela nikaondoka nimefurahi kama mtoto wa sikukuu.

Sasa oneni ujinga wangu. Ndoo ile ina kina cha sentimita 30 hivi. Baharini kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Kwenye ndoo unapata asilimia 3 tu ya hiyo. Hata simu yenye ufa inaweza kupona humo. Yaani jaribio lile halikuonyesha chochote, na nina uhakika yeye analijua hilo kuliko mimi.

Nikapanda SGR hadi Dar, boti, kisha Nungwi. Asubuhi tunajiandaa kwenda Mnemba, mwalimu wa mbizi akaiangalia kamera akauliza, "Kaka, haozingi yako iko wapi?" Haozingi ni lile kasha gumu la plastiki linalofungwa kwa klipu. Nikamwambia hii haihitaji, inafika 40. Akanitazama kwa huruma. HERO zote kuanzia ya 5, bila kasha, kampuni yenyewe inasema mwisho mita 10. Hata Osmo Action 5 Pro, kamera ya kampuni pinzani ya DJI, ambayo inasifiwa kwa maji, inaishia 20. Hiyo 40 nadhani muuzaji kaiokota kwa HERO4 za zamani, na hizo zilifika 40 zikiwa ndani ya kasha lake.

Basi nikasema nitaitumia juu juu tu, nisivuke kumi. Tumefika kama mita 7 hivi, nikaona mstari wa vipovu vidogo unatoka kwenye kimlango cha betri, kimoja baada ya kingine, vimenyooka kama shanga. Kioo cha nyuma kikawa cha kijani, kikazima. Mita saba! Hata kumi za halali haikufika.

Nyumbani nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Majengo. Akavua silikoni ambayo mimi sikuwahi kuivua, ubavuni imeandikwa HERO9 BLACK. Kamera ya 2020 nimeuziwa kwa jina la toleo la 2022. Kimlango si cha asili, hakina ule mpira wa kuzuia maji. Na kioo kilishabadilishwa, kimegandishwa na gundi ya simu. "Hii ilishafunguliwa mzee, ikishafunguliwa usiiamini kwenye maji tena."

Kumpigia muuzaji: "Waranti haihusu maji, bosi." Kamera ya kuzamia, waranti haihusu maji. Kisha block.

RB ya polisi nimechukua, na namba aliyopokelea hela nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Hela sitegemei kuiona. Ila kama unatafuta kamera, mvulishe silikoni mbele yako, ingia kwenye menyu usome jina la toleo na namba ya utambulisho wa kifaa (serial number), linganisha na iliyo sehemu ya betri na kwenye boksi. Ubora wa video wa HERO11 unafika 5.3K, wa HERO9 unaishia 5K. Akikuharakisha, ondoka.

Na bei nayo niiseme. HERO13 ilitoka 2024 kwa karibu dola 400, hiyo ni kama milioni moja kabla ya usafiri na ushuru. Kwa anayezamia wiki moja kwa mwaka sioni sababu. Rangi nyekundu inaanza kupotea maji ya mita chache tu, kila kitu kinakuwa bluu, na bila taa au kichujio chekundu hizo K zote hazikusaidii. Bora HERO9 inayouzwa kwa jina lake na bei yake, halafu uongeze haozingi halisi ya mita 60, kama dola 50. Kasha hilohilo linaingia toleo la 9 hadi la 12. Ukilipata, lizamishe kwanza tupu na kipande cha tishu ndani. Tishu ikitoka kavu, ndipo weka kamera. Au kodi hukohuko kwenye kituo cha mbizi.

Juzi rafiki yangu anayekaa mtaa wa Kisasa kanitumia status mpya ya jamaa, anauliza kama ni deal. HERO12, silikoni nyeusi, ndoo ya bluu ileile.