Lazanya bila nyama: ununue nini Nairobi?

Adui wa lazanya ya mboga, zile tambi bapa zinazopangwa tabaka na kuokwa, ni maji. Chochote kinachochuruzika ndani ya oveni kitakuachia trei ya supu, hata ukiweka jibini kiasi gani. Kwa hiyo katika kupanga vya kuweka badala ya nyama nimetanguliza ukavu, bei baadaye.

Namba moja ni nyama ya soya iliyokaushwa, ile ya chengachenga. Vipande vikubwa viachie mchuzi wa wali. Kwenye lazanya huinua tambi na trei haikatiki vizuri. Soya hii ni unga uliokamuliwa mafuta, na takriban nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Gramu 150 kavu zinatosha watu sita. Supermaketi zinayo, ila mimi ningeenda maduka ya Wahindi ya Ngara au Parklands, kwa sababu huko utaipata isiyotiwa chochote. Pakiti zenye ladha zimejaa chumvi, na ukishaongeza jibini hutaweza kuipunguza. Loweka kwa maji moto dakika kumi, kamua, suuza, kamua tena kwa nguvu zako zote. Wanaosema soya inanuka, wengi wao hawakukamua. Ikaange na vitunguu mpaka ishike rangi, ndipo utie nyanya.

Inayofuata ni kamande, zile za kahawia. Hazihitaji kulowekwa, huiva kwa nusu saa hivi, na zinapatikana sokoni City Park au Toi. Chambua mawe. Nyekundu zilizokobolewa usinunue kwa kazi hii, zinapondeka zote. Kamande hazijifanyi nyama, na kwangu hiyo ni sifa. Ndengu je? Ziache na chapati zake.

Uyoga una ladha kushinda vyote hivi, lakini sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Nusu kilo ukiikaanga bila kifuniko mpaka ikauke, unabaki na kiganja tu, na mfuko umeumia. Chagua wenye kofia zilizofunga, usioteleza. Kwa wageni, changanya uyoga kidogo na soya. Hapo hata mla nyama atarudia sahani.

Paneri, jibini la Kihindi, haiyeyuki na hushika umbo, ila jibini juu ya jibini huchosha mapema. Tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, nunua ngumu tu, uigandamize kwa kitu kizito kabla ya kuivuruga. Fenesi linalokatwa barabarani limeiva na lina sukari. Linalofaa ni bichi, na kulisaka ni kazi ya siku nzima.

Ukimpikia asiyegusa nyama kabisa, soma na pakiti ya jibini. Parmesan halisi ya Italia hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumbo la ndama. Tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa wasiokula nyama, au tumia mozzarella yenye maandishi hayo hayo.