Mchezo wa Mezani wa Valmy: Ari Imepatiwa, Mizinga Imekosewa

Mchezo huu wa watu wawili unarejesha mapigano ya Valmy, nchini Ufaransa, ya tarehe 20 Septemba 1792, ambapo jeshi la Mapinduzi ya Ufaransa, chini ya majenerali Dumouriez na Kellermann, lililojaa vijana wa kujitolea walioandikishwa tangu 1791, lilisimama mbele ya askari wazoefu wa Prussia, ufalme wa Kijerumani. Kilichonivutia zaidi ni kanuni ya ari: kikosi cha kujitolea kikipigwa mizinga hurushiwa dadu, na kete ya Kellermann ikiwa jirani na kinu cha upepo, huongezewa alama mbili. Ubao umechorwa kwa ustadi, ingawa chini ya taa rangi za kete hazitofautiani vya kutosha.

Kasoro kubwa ni kwamba wapiga mizinga wa Ufaransa wamefanywa wanagenzi, ilhali walikuwa mafundi waliorithiwa kutoka jeshi la mfalme, na ndio hasa waliowazuia Waprusi. Mwongozo pia umesahau matope na ugonjwa wa kuhara uliowadhoofisha wavamizi. Kwa bei yake unafaa kununuliwa, ila kanuni za mizinga nimezirekebisha mwenyewe kwa kalamu.