Toyota IST kwa anayejifunza kupaki kwa ubavu: tathmini ya Mtwara mjini

Mtwara inamdekeza dereva. Mji ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga, na barabara zikaachwa pana, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha mwaka mzima akiingiza gari kwa pua popote anapotaka. Akifika kwenye njia nyembamba za Mikindani, au Kariakoo, anaanza kuzunguka. Hapa tunaipima IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, kwa kazi moja tu: kurudi nyuma na kukaa kati ya magari mawili.

Umbo lake linasaidia. Urefu ni mita 3.86, upana mita 1.7, na nyuma imekatwa wima. Kioo cha nyuma kinapoishia, gari nalo limekaribia kuisha. Nafasi ya kutosha ni mara moja na nusu ya urefu wa gari, yaani kama mita 5.8. Anayeanza ajipimie 6.5, kisha apunguze taratibu.

Ubaya uko sehemu mbili. Nguzo za nyuma ni nene, zinaficha bodaboda nzima pamoja na abiria wake. Boneti nayo inateremka, hivyo aliyekaa kwenye usukani haioni kona ya bampa la mbele. Kona hiyo ya kushoto ndiyo inayogusa gari la watu, wakati dereva macho yote yako nyuma.

Koni za kawaida za mazoezi ni fupi, zinapotea chini ya kioo cha nyuma. Tumia madumu manne ya lita 5, yajaze mchanga, chomeka kila moja fito ndefu inayofika usawa wa kioo. Kwa mtaro, chora mstari wa chokaa. Mazoezi yafanyike kwenye changarawe ngumu. Mchanga laini unavuta tairi na kumdanganya mwanafunzi kuhusu mwendo.

Kwa IST ya otomatiki hatua zinakwenda hivi. Simama ubavuni mwa gari la mbele, mkiachana sentimita 60 hadi 70, bampa za nyuma zikiwa sawa. Washa indiketa ya kushoto, tazama vioo vyote na nyuma, ngoja bodaboda na bajaji zipite. Weka rivasi, legeza breki kidogo; gari litajivuta lenyewe, usiguse mafuta. Rudi moja kwa moja mpaka tairi lako la nyuma lilingane na mwisho wa gari la mbele, ndipo ukate usukani wote kushoto. Hapo pua yako inatokea barabarani upande wa kulia, kwa hiyo tazama kulia tena.

Sasa macho yahamie kioo cha pembeni cha kulia. Ukiiona sura yote ya gari la nyuma, hadi taa yake ya upande wa mtaro, punguza mwendo gari litambae tu. Nyoosha usukani, takribani mzunguko mmoja na nusu, kisha rudi ukiwa umenyooka mpaka kona yako ya mbele kushoto iwe imepita bampa la gari la mbele. Kata wote kulia, rudi polepole, nyoosha. Ukiwa ndani ya sentimita 30 kutoka ukingoni, umepaki.

Hatua ya kunyoosha usukani ndiyo wengi wanairuka, na hapo ndipo mambo huharibika. Ukikata kulia mapema, pua inalikwaruza gari la mbele. Ukichelewa, tairi la nyuma kushoto linaingia mtaroni, na mitaro ya mjini iliyo wazi haina huruma na rimu. Ukinyoosha kabla gari halijalala vya kutosha, utabaki umejitokeza barabarani. Hilo la mwisho usilirekebishe kwa kwenda mbele na nyuma mara kumi; toka kabisa, anza upya. Pia usizungushe usukani gari likiwa limesimama kabisa, maana unasaga tairi na kuibebesha pawa stelingi mzigo wa bure.

Kioo cha kushoto kiinamishe hadi uone tairi la nyuma na ukingo wa mtaro. Ukimaliza, kirudishe kabla ya kuingia barabarani. Vile vioo vidogo vya duara vya kubandika tunavipendekeza, vikae kona ya chini upande wa nje, ila vinaonyesha kitu kiko mbali kuliko kilivyo.

Kamera ya nyuma tusingemshauri mwanafunzi ainunue kwanza. Nyingi za kufungiwa mtaani zina mistari isiyofuata usukani, matope ya masika yanaifunika lenzi, na kona ya mbele, ambayo ndiyo shida ya IST, haiioni kabisa. Pesa hiyo inalipia saa kadhaa za mwalimu mvumilivu.

Kama gari la nyumbani ni Noah, usijifunzie IST ukadhani alama zitahamia zenyewe. Noah inataka karibu mita 7, na nyuma ya tairi bado kuna bodi ndefu. Passo ni fupi zaidi, inasamehe hata aliyechelewa kukata.