NAPS2 na DocFetcher kwa ofisi iliyojaa scan0001

Sisi ofisi yetu ya uwakala wa forodha, ipo Malindi ya Unguja huku bandarini, na anayeijua kazi hii anayajua makaratasi yake: B/L (hati ya shehena ya meli), invoisi, risiti za ushuru, barua za kuomba hiki na kile, vyote vinaskaniwa vinatupwa kwenye kompyuta kwa majina ya scan0001, scan0002 mpaka basi. Mteja akija anataka invoisi ya konteina lake la mwaka juzi hapo ndo utaona vijana wanavyotokwa na jasho.

Ukiuliza programu ya kutafutia mafaili, watu wengi watakwambia weka Everything ya voidtools. Ya bure, ya Windows, na kwa haraka haina mpinzani, hujamaliza kuandika faili lishatokea. Lakini kazi yake hasa ni kutafuta majina ya mafaili. Faili likiitwa scan0047 na ndani mna invoisi ya matairi, ukiandika matairi huoni kitu. Anayeyapa mafaili yake majina ya maana itamtosha kabisa, sie yakhe haitufai.

DocFetcher ndo iliyonikaa. Nayo bure, na lipo toleo la kutia kwenye flashi ukatembea nalo. Unaionyesha folda, inasoma yaliyomo ndani ya Word, Excel, PDF, inajiwekea faharasa yake, bas ukishamaliza hapo kila neno unalotafuta linakuja papo hapo na maandishi yenyewe unayaona pembeni neno lako limepakwa rangi. Sura yake ya kizamani, sitaki kusema uongo, lakini kila kitu kinafanyika humo humo kwenye kompyuta yako, intaneti ikatike isikatike, na mambo ya wateja hayatoki nje.

Sasa sikilizeni hapa maana wengi ndo wanapoifuta wakidhani mbovu: PDF ya kuskani ni picha tu, haina neno hata moja ndani, kwa hiyo DocFetcher inaipita hivi hivi. Dawa yake NAPS2, programu ya bure ya kuskani, humo ndani mna Tesseract inayosoma herufi kutoka kwenye picha, kazi hiyo ndo inaitwa OCR. Unawasha OCR, unashusha lugha unazozitaka (Kiswahili Tesseract inacho), na PDF inatoka na maandishi yake. Yale mafaili ya zamani pia unayaingiza humo unayasevu upya, kazi ya kuchosha lakini ni mara moja.

Namba za konteina zitakusumbua kidogo. Ni herufi 4 na tarakimu 7, na karatasi ikiwa kopi ya kopi, au mtu kagonga muhuri juu yake, OCR inasoma sifuri kama O na 1 kama I, ukiandika namba kamili kwenye DocFetcher unaambiwa hamna. Weka ? pale unapopatilia shaka, kila ? inasimama badala ya herufi moja, au andika za mwanzo kisha malizia na *, yatakuja yote yanayofanana. Na skanini kwa dpi 300 (nukta kwa inchi, ndo ukali wa picha) jamani, sio 100 eti faili liwe dogo.

Mwandiko wa mkono msahau, na zile hati za wazee za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ndo kabisaa. Hizo zipeni majina wenyewe: mwenye hati, mtaa, mwaka.

Ipo na Paperless-ngx, hiyo kiboko, unatupia faili kwenye folda inalisoma, inalitia lebo, na kadiri unavyopanga inajifunza kukupangia, mnaifungua kwa brauza hata kwenye simu. Bure vilevile. Ila mara nyingi inawekwa kwa Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine), inataka kompyuta moja iwe inawaka muda wote na mtu wa IT wa kweli, sio yule wa kubadilisha wino wa printa. Ofisi ya watu watatu wanaopokezana laptopu miye siwashauri, labda mpate wa kuwawekea na awe anapatikana siku umeme umerudi na kitu kimegoma kuwaka.