Kipimo cha kamera ya tumbo hapa Tanga: uzoefu wangu

Nilifanyiwa kipimo cha kamera ya tumbo mwezi wa tatu, katika kituo kimoja cha binafsi hapa Tanga mjini ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nina malalamiko nacho. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi wakati ule, tumbo linamsumbua bila jibu na usiku kucha anawaza saratani.

Mambo yalianza kwa kushiba baada ya matonge matatu, tumbo kujaa gesi, mbweu zisizokwisha na kichomi chini ya chembe cha moyo. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya tumbo, naye alianza kwa "gesi" hiyo hiyo, kwa hiyo majirani waliponiambia kuwa ni vidonda tu na ninywe maji ya kabichi, sikutulia. Kwa miezi mitano nilikuwa nikipita kila jioni kwa kijana mwenye mizani ya kupimia uzito karibu na Soko la Mgandini, mpaka siku moja akakataa fedha yangu akasema, "Mama, jana kilo 64, leo kilo 64. Nenda kapumzike." Nilitafuta mwenye mizani mwingine.

Katika kipindi hicho nilipima damu mara tatu kwenye maabara za mtaani kutafuta bakteria wa tumbo, H. pylori, na mara zote majibu yalikuwa chanya, ingawa baada ya kipimo cha kwanza nilikwisha kumaliza siku 14 za omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) na antibayotiki mbili. Kisha nikasoma kwenye simu, saa nane za usiku, kwamba tangu mwaka 1994 bakteria hao wamewekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani. Usiku ule sikulala tena. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kipimo kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, si bakteria wenyewe, na kwamba kingamwili huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa. Ili kujua kama dawa zimefanya kazi, hupimwa choo, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli. Haya niliyasikia kwa mara ya kwanza kwa daktari bingwa wa kituo nilikofanyiwa kamera, ambaye aliongeza kuwa wengi mno wenye bakteria hao hawapati saratani maisha yao yote. Kwa maelezo hayo peke yake, fedha niliyolipa kumwona sikuijutia.

Kipimo chenyewe hakistahili sifa mbaya kinayopewa mitaani. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa sijala tangu usiku. Nesi alinipulizia kooni dawa ya ganzi, ulimi ukafa kama wa mtu aliyetafuna karafuu konzi nzima, akanilaza ubavu wa kushoto na kunipa pete ya plastiki ya kuuma. Nilikataa sindano ya usingizi kwa sababu nilitaka kuona. Mpira wenye kamera ulipopita kooni kichefuchefu kilinipanda mara mbili, mate yakachuruzika kwenye taulo na machozi yakatoka yenyewe, lakini maumivu hayakuwapo. Kwenye skrini niliona ukuta wa tumbo langu, unang'aa kama ufizi wa mtoto. Niliambiwa zilipita dakika saba. Mimi ningeapa ni nusu saa. Kulikuwa na wekundu kidogo upande wa chini, hakukuwa na kidonda wala uvimbe, na vilichukuliwa vinyama vidogo vya kwenda kuchunguzwa.

Hapo ndipo kituo kiliponiangusha. Niliahidiwa majibu ya vinyama ndani ya siku saba, yakachukua siku 23, na kila nilipokwenda dirishani niliambiwa nije kesho. Siku moja yule binti wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, mbele ya foleni, "Wewe ndiye wa kinyama cha kansa?" Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu nilishindwa hata kumwambia dereva wa bajaji ninakokwenda.

Majibu yalikuwa safi: hakuna saratani, hakuna bakteria. Amani ilidumu siku tisa. Siku ya kumi nilianza kujiuliza kama kamera ilipita kila kona, na kama shida haiko kwenye kongosho, ambalo kamera hiyo hailioni. Nilirudi kuomba kipimo kirudiwe. Daktari alinitaka nimwonyeshe panapouma, akakuta pamevilia damu. "Mwalimu," akasema, "hapa panauma kwa sababu ya vidole vyako." Ni kweli, nilikuwa nikijibonyeza kila nilipokuwa peke yangu, hata msalani.

Hakuniambia kuwa ni mawazo tu, na kwa hilo ninamheshimu. Alieleza kuwa maumivu ni ya kweli, kwamba mishipa ya fahamu ya tumbo na ubongo huzungumza kutwa nzima, na kwamba tumbo langu limekuwa jepesi mno kuhisi. Hali hiyo akaiita dispepsia isiyo na kidonda. Aliagiza utrasaundi moja na kipimo kimoja cha wingi wa damu, akanipa miadi kila baada ya wiki nne, niumwe nisiumwe, kisha akanipeleka kwa mshauri nasaha. Kwa mshauri huyo nilijifunza kuandika daftarini kila hofu pamoja na kile kilichotokea kesho yake, na kuiahirisha hadi saa kumi na mbili jioni, ambapo nina robo saa ya kuogopa nipendavyo. Mara nyingi saa hiyo hunikuta nikisahihisha madaftari ya wanafunzi.

Kwa mwenye kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama, kukonda bila sababu au upungufu wa damu, ningesema aende hospitali mara moja na asisubiri kusoma uzoefu wa mtu. Kwa anayetaka kamera ili apate usingizi tu, kama nilivyotaka mimi, itampatia siku tisa hivi. Na kabla ya kulipa, ulizeni vinyama vinapelekwa wapi, majibu huchukua siku ngapi, na nani atakayepiga simu; mimi sikuuliza.